Ukuta Umetoa Tumbo, Kona Imetitia: Mwongozo Kamili wa Kuokoa Nyumba ya Mawe Bagamoyo

Kila Masika ikipita, wenye nyumba za zamani hapa Bagamoyo huuliza maswali yale yale. Ufa niliouziba mwaka jana umerudi. Lipu imebanduka yote. Tumbo la ukuta limeongezeka, na sasa hata mlango haufungi. Ukidadisi kilichofanyika, jibu nalo ni lile lile: fundi alikuja na mifuko ya simenti, akachimbua ufa, akajaza, akapiga lipu nzito, akapaka rangi. Nyumba ikapendeza hadi mvua iliyofuata.

Ukuta wa matumbawe hautoi tumbo kwa kukosa simenti. Unatoa tumbo kwa sababu maji yameingia ndani yake na vitu vilivyokuwa vinaufunga vimelegea. Kwa hiyo kazi ina mpangilio wake: maji kwanza, kisha vipimo, kisha egemeo, kisha msingi, na ukuta wenyewe mwisho. Wengi wanaoshindwa wameanzia mwisho.

Mwongozo huu ni wa kuta za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, zenye unene wa sentimita 45 hadi 60, kama zilivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Nyumba ya tofali za simenti au ya miti na udongo ina matibabu yake mengine.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Vya kupimia: timazi (kizito kinachoning'inizwa kwa uzi kuonyesha wima), uzi imara, futikamba, pimamaji, rula yenye milimita, misumari midogo, chaki, penseli, daftari moja litakalobaki na nyumba.

Vya kuegemeza: mirunda minene iliyonyooka au mbao za inchi 4 kwa 4, mbao pana za inchi 2 za kuwekea chini na ukutani, kabari za mbao ngumu, misumari mirefu.

Vya kujengea: chokaa, mchanga wa mto uliochekechwa, unga wa matofali ya kuchoma uliosagwa na kuchekechwa, mawe ya matumbawe magumu (yakiwemo marefu ya kutosha kupita unene wa ukuta), maji ya bomba.

Vya kazi: tindo, nyundo, mwiko, karai, ndoo, mpira wa maji mwembamba, faneli, magunia ya kulowanisha, glavu, buti na miwani ya kufunika macho.

Mchanga wa ufukweni usiutumie hata ukipewa bure, na maji ya kisima chenye chumvi pia yaache. Chumvi hubaki ukutani, huvuta unyevu wa hewani, na ikikauka hujikusanya na kumega lipu na jiwe kutoka ndani. Ule unga mweupe unaotoka ukutani ukipitisha kidole ndiyo chumvi yenyewe.

Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa, maji yaifunike, kwa wiki moja au zaidi. Ukipata chokaa ya tanuu ambayo haijazimwa, mpe kazi hiyo mtu anayeijua: ikikutana na maji huchemka na kuruka. Hata iliyokwisha kuzimwa huunguza macho na ngozi. Watoto wasikaribie pipa.

## Hatua ya 1: Ruhusa na usalama

Majengo ya Mji Mkongwe yanaangaliwa na Idara ya Mambo ya Kale, na Sheria ya Mambo ya Kale ni ya tangu 1964. Nenda ofisi yao mjini, kisha Halmashauri ya Wilaya, kabla hujabomoa hata jiwe moja. Chukua picha za kila upande wa nyumba. Nyumba ikiwa ya urithi, kaeni kwanza kama familia, maana kazi ya namna hii ikisimamishwa katikati kwa ugomvi wa ndugu, ukuta unabaki wazi na mvua haisubiri kikao.

Kisha angalia dalili za hatari ya haraka. Hameni upande huo leo ukiona mojawapo ya hizi:

- kifusi kinamwagika chenyewe kutoka ndani ya ukuta;
- ufa una upana wa milimita 25 au zaidi, au unapanuka siku hadi siku;
- mlango au dirisha lililokuwa zima limebana ghafla ndani ya siku chache;
- mnasikia milio ya kupasuka, hasa usiku baada ya mvua.

Kipande cha ukuta cha urefu wa mita moja, kimo cha mita 3 na nusu na unene wa sentimita 50 kina uzito wa karibu tani 3. Mzee asilale chini yake kwa sababu tu amezoea chumba chake.

## Hatua ya 2: Usome ukuta

Hapa usifanye haraka. Ukikosea kusoma, utatibu ugonjwa usiokuwepo.

Pima tumbo. Juu ya ukuta pigilia kipande cha ubao kinachotokeza nje sentimita 20, ufunge uzi wa timazi. Timazi yenyewe itumbukize ndani ya ndoo ya maji ili upepo wa baharini usiitikise. Sasa pima umbali kutoka uzi hadi ukutani, kila baada ya sentimita 30, kutoka juu hadi chini. Andika zote daftarini. Rudia kila mita moja kwa urefu wa ukuta. Ukimaliza utakuwa na umbo kamili la tumbo: lilipoanzia, lilipo kubwa kuliko kote, linapoishia.

Gonga. Kwa kitako cha mpini wa nyundo, gonga ukuta taratibu ukianzia kwenye kona iliyo imara. Sikiliza. Penye uzima sauti ni fupi na mkono unahisi jiwe. Ukifika penye tumbo sauti inabadilika, inakuwa nene, yenye mwangwi. Hapo piga chaki. Endelea kuzunguka hadi chaki zako zikutane. Eneo hilo ndilo lenye utupu, na mara nyingi ni kubwa kuliko tumbo linaloonekana kwa macho.

Utupu huo unatokea hivi. Kuta hizi zina nyuso mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na katikati pamejazwa mawe madogo, chokaa na udongo. Paa likivuja, maji huteremka katikati, yanaosha udongo na kuulundika chini. Kule chini unajaa na kusukuma nyuso mbili ziachane. Kule juu panabaki pango. Tumbo ni uso wa nje unaoondoka peke yake huku wa ndani umesimama wima, ndiyo maana mtu aliye chumbani haoni kitu.

Soma nyufa.

- Ufa wa mshazari karibu na kona, mpana juu na mwembamba chini: kona hiyo inatitia.
- Ufa katikati ya ukuta, mpana chini kuliko juu: katikati ndiko kunakozama.
- Ufa wa wima pale kuta mbili zinapokutana ndani: ukuta wa nje unaachana na wa ndani.
- Ufa wa kulala, usawa wa dari: vichwa vya boriti vimeoza, au paa linasukuma ukuta nje.

Kagua vichwa vya boriti. Boriti za mikoko hazikuwekwa kubeba dari tu. Zinashika kuta mbili zisiachane. Chukua bisibisi, uchome kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikiingia milimita chache ikagoma, iko salama. Ikizama hadi mpini na kutoka na unga mweusi wenye unyevu, kichwa hicho hakishiki chochote tena, na kama boriti tatu nne zinazofuatana ziko hivyo, umeshapata sababu kubwa ya tumbo lako. Mchwa hupenda hapo hapo.

Lini uite mhandisi? Mimi naweka mpaka hapa: kwa ukuta wa sentimita 50, tumbo likizidi sentimita 5, au ukuta mzima ukiegemea nje zaidi ya sentimita 8, kazi si ya fundi peke yake. Vivyo hivyo kona yoyote inayotitia, na nyumba yoyote ya ghorofa. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na umuulize waziwazi kama amewahi kushughulika na kuta za chokaa. Akikuambia suluhisho ni kumwaga zege na kupachika nguzo za nondo bila hata kugonga ukuta, tafuta mwingine.

## Hatua ya 3: Zuia maji

Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 50 kwa siku moja ya Masika, linamwaga lita 3,000. Hizo ni ndoo 150 za lita 20. Bila gata (mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa), zote zinadondoka mguuni pa ukuta wako.

1. Ziba paa kwanza, hasa pale bati linapogusa ukuta na juu ya ukuta penyewe.
2. Weka gata na bomba la kuteremsha maji, uyapeleke angalau mita 3 mbali na msingi, kuelekea kwenye mtaro.
3. Angalia ardhi ya nje. Mitaa mingi imeinuka kwa vifusi na matengenezo ya barabara hadi uwanja wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani. Chimbua mpaka ardhi ya nje iwe chini ya sakafu na iteremke kuondoka nyumbani. Ila usichimbe kupita kitako cha msingi.
4. Kagua mabomba, karo na shimo la choo. Maji yanayovuja chini ya ardhi huhamisha mchanga kidogo kidogo na kuacha pango chini ya msingi. Karo iliyo chini ya kona inayotitia ni ya kuhamishwa, gharama iwe gharama.
5. Miti. Mche wa mkuyu ulioota ukutani ukate, utie dawa mizizi ife, lakini usiung'oe kwa nguvu. Mizizi yake itatoka na mawe. Mwarobaini mkubwa ulio karibu na msingi muulize mhandisi kabla ya kuukata, kwa kuwa kwenye udongo wa mfinyanzi kuuondoa ghafla nako huitikisa nyumba.
6. Ondoa lipu ya simenti sehemu ya chini ya ukuta, nje na ndani, taratibu kwa tindo. Simenti inafungia unyevu ndani ya ukuta. Chokaa inauruhusu kutoka. Lipu ikiwa imeshikana na jiwe kiasi cha kulimega, iache, ungojee ukuta ukauke. Na pale penye tumbo usiguse kwanza, maana pengine lipu ndiyo iliyoushika uso wa nje usianguke.

Dalili ya kufanikiwa: mvua kubwa inapita na hakuna dimbwi ndani ya mita 3 za ukuta, na kimo cha alama ya unyevu ndani ya chumba kinaanza kushuka.

## Hatua ya 4: Ngoja, upime

Pigilia misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, na upime umbali kati yake kwa rula. Andika tarehe. Rudia kila wiki mbili, Masika yote, pamoja na vipimo vya timazi.

Vipimo vikibaki vile vile, mwendo umekwisha na unachotibu ni kovu. Vikiongezeka kila mvua inaponyesha, bado kuna maji hujayapata: rudi Hatua ya 3. Vikiongezeka mvua iwepo isiwepo, mhandisi aje sasa hivi.

Watu huichukia hatua hii kwa sababu haionyeshi kazi. Lakini kuna kuta zinazotulia zenyewe maji yakishazuiwa, na mwenye nyumba anaokoa fedha ya msingi mpya asiouhitaji. Mpangilio unaofaa Bagamoyo ni kuzuia maji kabla ya Masika, kupima kuanzia Machi hadi Mei, kisha kujenga Juni hadi Septemba, kabla ya Vuli.

## Hatua ya 5: Egemeza

Kama vipimo au dalili za hatari zinakataa kungoja, egemeo linawekwa mapema, hata siku ya kwanza.

Ndani, weka mirunda wima chini ya boriti, juu ya ubao mpana, ili uzito wa dari utoke ukutani. Nyumba ya ghorofa weka chini na juu, mrunda juu ya mrunda, uzito usikatike njiani. Nje, weka egemeo la mshazari: ubao mpana umelazwa wima ukutani, mrunda unatoka kwenye ubao huo kushuka hadi kwenye ubao mwingine uliofukiwa ardhini. Kichwa cha egemeo kikae usawa wa boriti, mahali ukuta una mgongo wa kuusaidia. Kikikaa katikati ya tumbo, unaweza kuusukuma uso wa nje ukabomoka.

Kaza kwa kabari, kila upande kidogo kidogo, mpaka mrunda ukatae kutikisika kwa mkono. Ishia hapo. Usijaribu kulirudisha tumbo ndani kwa kabari au jeki. Ndani kumejaa kifusi na hakuna pa kurudi.

## Hatua ya 6: Msingi uliotitia

Nyumba isiyotitia irukie Hatua ya 7.

Kosa linaloangusha nyumba ni kuchimba mtaro mrefu kando ya ukuta mzima ili fundi "aone msingi". Gawa ukuta kwenye vipande visivyozidi mita 1, uvipe namba. Kwa vipande sita, fuata mpangilio wa 1, 4, 2, 5, 3, 6, ukichimba kimoja kwa wakati mmoja. Chimba hadi ardhi ngumu aliyoionyesha mhandisi, jenga kwa mawe au zege kama alivyochora, acha nafasi ndogo chini ya msingi wa zamani, na baada ya kilichojengwa kushika ijaze nafasi hiyo kwa mota (mchanganyiko wa kujengea) kavukavu unayoishindilia kwa ubao mpaka ikatae. Hapo ndipo msingi wa zamani unapokalia mpya. Usihamie kipande kingine kabla mhandisi hajasema kilichopita kimeshika.

Shimo lisilale wazi likingoja mvua.

## Hatua ya 7: Tibu tumbo

### Tumbo dogo: jaza utupu

Kwa tumbo lisilozidi sentimita 5 lenye mawe bado mahali pake, usibomoe. Jaza ndani kwa uji wa chokaa.

Changanya chokaa iliyolowekwa ndoo 1, mchanga laini uliochekechwa ndoo 1, na unga wa tofali nusu ndoo. Ongeza maji mpaka upite kwenye mpira bila kuziba, kama uji mwepesi wa mgonjwa. Unga wa tofali una kazi kubwa: chokaa tupu hushika kwa kuvuta hewa, na katikati ya ukuta mnene hewa haifiki. Unga huo unaisaidia kushika hata palipo na unyevu.

1. Toboa matundu madogo kwenye viungo vya mawe, ndani ya eneo ulilozungushia chaki, kila baada ya sentimita 40 hivi, kwa mistari kutoka chini kwenda juu.
2. Mimina maji kidogo kwenye matundu, yaoshe vumbi na kulowanisha mawe. Yatakapotokea, hapo ndipo na uji utatokea: ziba kwa udongo wa mfinyanzi au tambara.
3. Anza mstari wa chini. Ingiza mpira, inua faneli kama mita moja juu ya tundu, mimina taratibu. Uji ukichungulia kwenye tundu la jirani, ziba hilo tundu, hamia.
4. Usipandishe zaidi ya sentimita 50 kwa siku. Uji mbichi unasukuma pande zote, na ukimwaga kimo chote kwa mara moja utauangusha uso wa nje kwa mikono yako mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie pampu.
5. Kila asubuhi, pima timazi kabla ya kuendelea. Tumbo likiongezeka hata milimita 2, simama.

Utupu ukishajaa na kushika, toa jiwe moja moja na uweke mahali pake jiwe refu linaloshika nyuso zote mbili, kila baada ya mita moja, kwa kupishana. Wapo watakaokushauri nondo. Hapa karibu na bahari nondo ya kawaida itashika kutu, na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo inapasua jiwe. Kama mawe marefu hayapatikani, tumia vyuma visivyoshika kutu.

Dalili ya kufanikiwa: gonga tena. Sauti ya eneo la chaki ifanane na ya kona yako imara. Umbo la tumbo litabaki, na hilo halina neno. Ukuta wenye tumbo lililojaa na kufungwa unaweza kusimama.

### Tumbo kubwa: bomoa na ujenge upya kwa vipande

Hii ni ya mhandisi na fundi mwashi mzoefu. Bomoa uso uliotoka tu, kuanzia juu kwenda chini, kwa upana usiozidi mita 1, ukiwa na egemeo pande zote. Mawe mazima yaoshe na uyarudishe. Mota iwe chokaa 1 kwa mchanga 3, pamoja na unga wa tofali kidogo. Ingiza mawe marefu ya kufungia, na usijenge zaidi ya sentimita 60 kwa siku.

### Rudisha mshiko wa boriti

Bila hili, tumbo linarudi. Boriti ya mkoko mpya inahitaji kibali, kwa kuwa misitu ya mikoko imehifadhiwa. Mbao ngumu iliyotiwa dawa inafaa. Kichwa chake kiachie upenyo wa hewa ndani ya tundu, kisifunikwe kwa mota. Kisha boriti kadhaa zifungwe kwa chuma kisichoshika kutu kinachopita ukuta na kushikwa nje na sahani ya chuma na nati. Mhandisi ataamua ni ngapi.

## Hatua ya 8: Nyufa na lipu

Ufa uliotulia usafishe, ulowanishe, uujaze mota ya chokaa na vipande vya jiwe vilivyokandamizwa. Ufa mpana ushonwe kwa mawe yanayovuka pande zote mbili.

Lipu ni chokaa 1 kwa mchanga 3, tabaka lisilozidi sentimita 1, na ungoje siku kadhaa kati ya tabaka moja na lingine. Funika kwa magunia yenye unyevu kwa wiki nzima, jua na upepo visiikaushe. Ikikaushwa haraka inageuka unga. Malizia kwa chokaa ya kupaka. Rangi ya mafuta na ya plastiki zinafungia unyevu.

Fundi anaweza kukuambia, "Mzee, tuongeze simenti kidogo tu, ishike upesi." Mkatalie kwa heshima, na kaa naye wakati wa kuchanganya.

## Hatua ya 9: Kuondoa egemeo

Si chini ya wiki 6 baada ya jiwe la mwisho. Legeza kabari zote kidogo, acha siku mbili, pima timazi. Vipimo vikiwa vile vile, legeza tena. Mirunda iondoke mmoja mmoja, wa nje kabla ya wa ndani, na uitunze mahali pakavu hadi Masika moja ipite.

Misumari ya kupimia usiing'oe. Pima kila mwezi kwa mwaka wa kwanza, kisha mwanzo na mwisho wa kila Masika, na ukitoka kupima panda ukaangalie gata kama halijaziba kwa majani.